Uboreshaji wa picha wa Nintendo 64

Uboreshaji wa picha wa Nintendo 64 ni marekebisho ya kielektroniki yanayofanywa ndani ya konsoli ya Nintendo 64, yaani mashine ya michezo ya video ya kampuni ya Nintendo ya Japani, ili itoe picha safi kuliko ile iliyotoa ilipotoka kiwandani. Marekebisho hayo hayaongezi nguvu ya mashine wala hayabadilishi mchezo wenyewe. Kinachofanyika ni kuichukua picha mapema zaidi katika safari yake kutoka kwenye chipu hadi kwenye televisheni, kabla haijapoteza ubora wake njiani.

Historia

Nintendo 64 ilianza kuuzwa nchini Japani tarehe 23 Juni 1996, Amerika ya Kaskazini mwezi Septemba mwaka uleule, na Ulaya tarehe 1 Machi 1997. Kwa jumla ziliuzwa karibu konsoli milioni 33 duniani kote, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 2002.

Katika miaka hiyo televisheni za nyumbani zilikuwa za kichogo. Kioo cha televisheni ya namna hiyo hulainisha picha, hivyo kasoro nyingi hazikuonekana. Televisheni bapa zilipoenea baada ya mwaka 2000, wenye konsoli za zamani waliziunganisha na kukuta picha yenye ukungu, rangi zilizochuja na maandishi yasiyosomeka vizuri. Hapo ndipo mafundi na wapenzi wa michezo ya zamani walipoanza kutafuta njia ya kuirekebisha mashine yenyewe.

Nintendo 64 ina soketi ya picha ya umbo lilelile lililotumiwa na konsoli iliyoitangulia, Super Nintendo. Katika Super Nintendo ya awali, soketi hiyo hutoa pia rangi tatu za msingi, yaani nyekundu, kijani na buluu, kila moja kwa waya wake. Mfumo huo huitwa RGB. Katika Nintendo 64 nafasi za nyaya hizo zimo kwenye soketi, lakini hazikuunganishwa na kitu.

Sababu za picha kuwa hafifu

Sababu ya kwanza ni aina ya ishara inayotumwa. Kebo ya kawaida ya konsoli hii, yenye plagi ya manjano, hubeba mwangaza na rangi zote katika waya mmoja. Ili vyote vipite humo, rangi husimbwa na kupandishwa juu ya wimbi la masafa ya takriban megahezi 3.58 katika mfumo wa NTSC, au megahezi 4.43 katika mfumo wa PAL. Televisheni hulazimika kuvitenganisha tena, na haiwezi kufanya hivyo kikamilifu. Matokeo yake rangi humwagika nje ya mipaka yake, na vinukta hutambaa kandokando ya michoro. Kebo ya S-Video, inayotenganisha mwangaza na rangi katika nyaya mbili, hupunguza tatizo hilo bila kuliondoa lote.

Mifumo hiyo miwili huleta shida nyingine. Japani na Marekani zilitumia NTSC, wakati Kenya, Tanzania na sehemu kubwa ya Ulaya zilitumia PAL. Konsoli ya NTSC ikiunganishwa na televisheni ya zamani inayofahamu PAL peke yake, picha huweza kuonekana bila rangi. Katika RGB rangi hazisimbwi, kwa hiyo tatizo hilo la rangi halipo.

Sababu ya pili ni televisheni mpya zenyewe. Michezo mingi ya Nintendo 64 hutoa picha ya mistari 240, inayorudiwa mahali palepale mara 60 kwa sekunde katika nchi za NTSC. Televisheni nyingi bapa hudhani kwamba hiyo ni nusu ya picha ya mistari 480 inayopishana, nazo hujaribu kuunganisha nusu mbili ambazo hazipo. Picha huharibika, na mara nyingi huchelewa kufika kwenye kioo. Mchezaji hubonyeza kitufe, na mhusika huruka baadaye kidogo.

Sababu ya tatu imo ndani ya konsoli. Nintendo 64 hulainisha kingo za michoro kwa makusudi kabla ya kuitoa picha. Aidha, mchezo uliochorwa kwa upana wa pikseli 320 mara nyingi hutanuliwa hadi pikseli 640 kwa kuingiza pikseli za kati, ambazo ni wastani wa jirani zake. Kwenye kichogo jambo hilo lilisaidia. Kwenye kioo bapa huonekana kama ukungu.

Safari ya picha ndani ya konsoli

Michoro hutengenezwa na chipu iitwayo Reality Co-Processor, iliyobuniwa na kampuni ya Silicon Graphics ya Marekani na kuendeshwa kwa kasi ya megahezi 62.5. Chipu hiyo hutoa picha kwa njia ya kidijitali kupitia nyaya saba za data. Kwa kila pikseli hutumwa mafungu manne kwa zamu: ishara za kulinganisha picha, kisha nyekundu, kijani na buluu. Kwa kuwa kila rangi ina biti 7, kila moja ina viwango 128, na rangi zinazowezekana ni zaidi ya milioni mbili.

Katika konsoli za awali, chipu ya pili iitwayo VDC-NUS hugeuza tarakimu hizo kuwa RGB ya analojia, kisha chipu ya tatu huisimba kwa ajili ya kebo ya kawaida. Katika matoleo ya baadaye, kazi hizo mbili ziliunganishwa katika chipu moja, na RGB ya analojia haipatikani popote kwenye bodi. Tofauti hii ndiyo inayoamua ni marekebisho gani yanawezekana. Njia ya uhakika ya kuitambua ni kufungua konsoli na kusoma jina lililoandikwa juu ya chipu.

Aina za marekebisho

1. Kukuza RGB iliyopo. Njia hii hufaa kwa konsoli yenye VDC-NUS. Ishara ya RGB ipo tayari, ila ni dhaifu mno kwa televisheni. Fundi huiunganisha na kikuza ishara kidogo, kwa mfano chipu ya THS7314, na kuweka vipingamizi vya omu 75 kabla ya kuipeleka kwenye nafasi zilizoachwa wazi kwenye soketi. Gharama ni ndogo, na sehemu za kulehemu ni chache.

2. Bodi ya kidijitali yenye RGB. Bodi ndogo huunganishwa na nyaya za data kabla tarakimu hazijafika kwenye chipu ya analojia, nayo hutengeneza RGB yake yenyewe. Hufanya kazi hata kwenye matoleo ya baadaye. Baadhi ya bodi hizo huweza pia kutupa pikseli za kati zilizoingizwa, na hivyo kuondoa sehemu ya ukungu.

3. Bodi ya HDMI. Hii nayo huchukua data ya kidijitali, lakini haiigeuzi kuwa analojia kabisa. Chipu ya FPGA, ambayo saketi zake hupangwa kwa programu, hukuza picha na kuituma kwenye televisheni bapa kwa kebo moja. Mifano ni UltraHDMI, inayofikia mistari 1080, na N64Digital.

Ulainishaji wa kingo haufanani na utanuaji wa picha. Hufanyika kabla data haijatoka kwenye Reality Co-Processor, kwa hiyo bodi haiwezi kuufuta. Katika baadhi ya michezo huzimwa kwa kubadilisha programu ya mchezo.

Hatari na tahadhari

Kazi ngumu kuliko zote ni kulehemu kwenye miguu ya chipu, ambayo ni myembamba na imekaribiana sana. Tone moja la lehemu linaloshikanisha miguu miwili huweza kuizuia mashine kuwaka, na joto lililozidi huweza kung'oa njia za shaba kwenye bodi. Umeme tuli wa mwilini nao huweza kuua chipu bila fundi kuona wala kuhisi chochote. Kwa hiyo anayeanza hushauriwa kujifunzia kwenye bodi mbovu zisizo na thamani.

Konsoli hupokea volti 3.3 na 12 tu kutoka kwenye kibadilisha umeme kinachochomekwa nyuma. Umeme wa nyumbani huingia katika kibadilisha umeme hicho, nacho hakihitaji kufunguliwa. Televisheni ya kichogo ni jambo jingine: ndani yake mna maelfu ya volti, ambayo huweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi.

Mjadala kuhusu uhifadhi

Kwa kuwa Nintendo 64 haitengenezwi tena, kila konsoli inayoharibika hupunguza zilizobaki. Wanaopinga marekebisho husema kwamba mashine iliyotobolewa au kukatwa si kielelezo kamili tena cha ilivyokuwa mwaka 1996. Huongeza kwamba wachoraji walifanya kazi wakijua picha itaonekana kwenye kichogo. Hoja hiyo ina ushahidi: hifadhi ya mapambo ya michoro katika chipu ni kilobaiti 4 tu, na picha kali huyafichua mapambo hayo madogo yalivyovutwa, pamoja na vinukta vilivyotumika kuiga rangi zilizokosekana.

Wanaounga mkono hujibu kwamba televisheni za kichogo zinakwisha, na mashine isiyo na kioo cha kuionyesha hubaki pambo la kabatini. Kwa maoni yao, kuitumia ndiyo njia ya kuihifadhi. Katikati ya pande hizi wapo wanaochagua bodi zisizohitaji kutoboa kasha, ili fundi wa baadaye aweze kuirudisha konsoli katika hali yake ya mwanzo.

Njia mbadala

Asiyetaka kufungua konsoli anaweza kutumia kebo ya S-Video pamoja na kifaa cha nje cha kukuza picha, kinachotambua mistari 240 na kuituma kwa HDMI. Wengine hucheza michezo hiyo kwa programu za kompyuta zinazoiga konsoli. Tangu Oktoba 2021, Nintendo yenyewe imetoa baadhi ya michezo ya Nintendo 64 kwa wateja wa huduma ya kulipia ya Nintendo Switch.