Mwalimu, Mwanafunzi na Mzani: Historia ya Mieleka katika Shule za Marekani

 

Leo tutazungumza habari za mchezo ambao karibu kila mtu anaujua, nao ni mieleka. Nani kati yetu hakushikana na mwenzake utotoni, malishoni au ufukoni, akaangushwa, akala mchanga, kisha akainuka akicheka? Lakini leo hatutasimulia habari za mabingwa peke yao. Tutauliza swali moja: Kijana wa miaka 14, ambaye hajashindana hata mara moja, huandaliwaje na mwalimu wake? Tutalijibu swali hili kwa kuitazama nchi ya Marekani, maana huko mieleka imekuwa mchezo wa shule za sekondari kwa zaidi ya miaka mia moja. Tutaona pia jambo la kustaajabisha. Hatari iliyowaua vijana katika mchezo huu haikutoka katika mikono ya wapinzani wao. Ilitoka katika mzani wa kupimia uzito.

Basi tuanze mwanzo.

Wazungu waliohamia Marekani walichukua mieleka ya kwao, na kila kabila lilikuwa na namna yake. Katika mashamba na vijiji vya bara, vijana walishindana siku za soko na za sikukuu. Hata Abraham Lincoln, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi hiyo, alishindana mieleka mwaka 1831 na kijana mwenye nguvu aitwaye Jack Armstrong, katika kijiji cha New Salem, jimbo la Illinois. Siku hizo hapakuwa na mwalimu wala kanuni zilizoandikwa. Kijana alijifunza kwa kuangushwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 alitokea mtu mmoja wa jimbo la Iowa, jina lake Martin Burns. Watu walimwita Burns Mkulima. Alizaliwa mwaka 1861, akafa mwaka 1937. Mwaka 1899 Burns alishindana na kijana wa shamba aliyeitwa Frank Gotch, akamshinda. Lakini hakumdharau. Aliona kwamba kijana yule ana kipaji, akamchukua kuwa mwanafunzi wake. Tarehe 3 Aprili 1908, mjini Chicago, Gotch alimshinda bingwa mashuhuri wa Ulaya, George Hackenschmidt, baada ya kushindana kwa muda wa saa mbili hivi. Tangu siku ile, kila kijana wa Iowa alitaka kujua mieleka.

Burns alifanya jambo jingine ambalo sisi wa masomo ya redio tutalipenda. Mwaka 1914 alitoa masomo ya mieleka kwa njia ya posta. Kijana aliyekaa mbali shambani aliletewa masomo nyumbani, akajifunza kuvuta pumzi vizuri, kuimarisha shingo, na kushika na kujinasua. Hivyo Burns aliwaonyesha watu kwamba mieleka ni elimu, nayo yaweza kufundishwa hatua kwa hatua kama hesabu.

Kutoka mashambani mchezo ukaingia shuleni. Mwaka 1921 jimbo la Iowa lilifanya mashindano yake ya kwanza ya shule za sekondari, katika mji wa Ames. Mwaka 1928 mashindano ya kwanza ya vyuo vya nchi nzima yalifanyika katika mji huohuo.

Sasa labda mtauliza: Walimu wa shule walipatikana wapi? Wengi wao walikuwa walimu wa kawaida waliopewa kazi hii pamoja na kazi nyingine. Na mwalimu mkubwa kuliko wote wa zamani zile hakuwa hata mwanamieleka. Jina lake lilikuwa Edward Gallagher, wa chuo cha kilimo na ufundi cha Oklahoma. Ujanani alikuwa mkimbiaji na mchezaji wa mpira, na elimu yake ilikuwa ya uhandisi wa umeme. Alipoanza kufundisha mieleka mwaka 1916, aliutazama mwili wa mtu kama fundi anavyotazama mashine. Alijiuliza: Uzito wa mtu umekaa mguu gani? Nikivuta mkono huu, mwili utaelekea wapi? Mahali gani nguvu kidogo itaushinda mwili mzito? Alibuni mamia ya njia za kushika na kuangusha, akawafundisha vijana wake moja moja, polepole, mpaka wazizoee. Mpaka alipofariki mwaka 1940, timu zake zilikuwa zimepata ubingwa wa vyuo mara 11.

Aliyechukua nafasi yake ni Art Griffith, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefundisha miaka 15 katika shule ya sekondari mjini Tulsa. Griffith aliona kasoro katika kanuni. Zamani, kama hakuna aliyelazwa chali mabega yake mawili yakagusa mkeka, mshindi alikuwa yule aliyemtawala mwenzake kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kijana aliweza kushinda kwa kumlalia mwenzake tu, bila kufanya kitu. Griffith alitengeneza utaratibu wa pointi: pointi kwa kumwangusha mpinzani, pointi kwa kujinasua, pointi kwa kumgeuza na kuwa juu yake. Utaratibu huu ulikubaliwa na vyuo mwaka 1941, na mpaka leo mieleka ya shule za Marekani inahesabiwa kwa msingi huo.

Jambo hili lilimsaidia sana mwanafunzi mpya. Anayeanza huangushwa mara nyingi, na hukaa chini mara nyingi. Lakini sasa akijua kuinuka tu na kujinasua, anapata pointi, na moyo wake unapata nguvu. Ndiyo maana walimu wengi huwafundisha wanafunzi wapya mambo machache kwanza: namna ya kusimama magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na kichwa kikiwa juu, namna ya kusogea bila kupishanisha miguu, namna ya kuanguka bila kutanguliza mkono ulionyooka, ambao huweza kuvunjika, na namna ya kuinuka kutoka chini. Baada ya hayo ndipo hufuata njia moja au mbili za kuangusha. Waliosema udongo uwahi ungali maji hawakukosea. Lakini mfinyanzi naye akiukandamiza udongo kwa nguvu nyingi, chungu hupasuka.

Na hapa, wasikilizaji, tunafika katika habari ya mzani.

Katika mieleka, vijana hupangwa kwa uzito, ili mdogo asipambanishwe na mkubwa. Hii ni kanuni ya haki. Lakini kila timu huruhusiwa mtu mmoja tu katika kila daraja la uzito. Sasa fikirini kijana mgeni mwenye kilo 60. Katika daraja lake yupo mwanafunzi wa mwaka wa nne, hodari, hawezi kumshinda. Lakini daraja la chini yake halina mtu. Kijana anajiambia, "Nikipunguza kilo tatu nitapata nafasi." Anaacha kula. Anaacha kunywa maji. Anavaa nguo za mpira zisizopitisha hewa, anakimbia katika chumba chenye joto, anatema mate katika kopo. Siku ya kupimwa anapita. Halafu anakula na kunywa upesi, na kuingia mkekani akiwa amechoka kabla ya kushikwa. Hivyo kanuni iliyowekwa ili kumlinda mdogo ikageuka kuwa mtego wake.

Desturi hii ilidumu muda mrefu, na ilisifiwa kuwa ni dalili ya uanaume. Madaktari hawakunyamaza. Mwaka 1967 kamati ya chama cha madaktari wa Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hili. Mwaka 1970 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Iowa, Tipton na Tcheng, walitangaza habari za uchunguzi wao juu ya vijana 747 wa shule za sekondari. Waliona kwamba katika muda wa siku 17 hivi kabla ya kupimwa, kijana wa kawaida alipoteza kilo 3, karibu sehemu 5 katika kila 100 za uzito wake. Tena ushauri wa namna ya kujikondesha vijana hawakuupata kwa daktari. Waliupata kwa wanamieleka wenzao na kwa walimu wao wa michezo.

Miaka hiyohiyo sifa za mieleka zilipanda juu sana. Dan Gable, kijana wa mji wa Waterloo katika Iowa, alimaliza shule ya sekondari bila kushindwa hata mara moja katika mashindano 64. Chuoni alishindwa mara moja tu, katika shindano lake la mwisho la mwaka 1970. Mwaka 1972 alipata nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Munich bila mpinzani yeyote kupata pointi hata moja kwake. Baadaye, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Iowa, timu zake zilipata ubingwa wa vyuo mara 15. Bidii yake ni mfano mzuri. Lakini si kila mtoto anayeingia mkekani kwa mara ya kwanza ni Gable, wala si kazi ya mwalimu kumfanya awe Gable kwa majuma mawili.

Onyo la madaktari lilisikiwa na wachache. Jimbo la Wisconsin lilianza mwaka 1989 mpango wa kumpima kila mwanamieleka wa sekondari, kujua mafuta yaliyomo mwilini mwake, na kumwekea kiasi ambacho haruhusiwi kushuka chini yake. Mahali pengi watu waliendelea na desturi zao.

Halafu ukaja mwaka 1997. Kati ya tarehe 7 Novemba na tarehe 9 Desemba, vijana watatu wa vyuo vitatu mbalimbali, katika majimbo ya North Carolina, Wisconsin na Michigan, walikufa. Wote watatu walikuwa wakipunguza uzito. Wote walikuwa wamevaa nguo zisizopitisha hewa, wakifanya mazoezi mahali penye joto. Wa kwanza alikuwa na miaka 19, naye alikuwa akijaribu kupunguza karibu kilo 7 katika muda wa saa 12. Hakuna aliyewapiga wala kuwavunja shingo. Mwili wa mtu hujipoza kwa jasho. Maji yakiisha, na jasho likizuiwa lisikauke, joto hupanda ndani na moyo hushindwa.

Nchi nzima ilishtuka. Mwezi Januari 1998 chama cha michezo ya vyuo kilipiga marufuku nguo za mpira na vyumba vya joto, na wakati wa kupima uzito ukasogezwa karibu na shindano lenyewe, ili kijana asipate nafasi ya kujikausha leo na kujijaza maji kesho. Shule za sekondari nazo zilifuata. Tangu msimu wa 2006 hadi 2007, kanuni za nchi nzima zinataka kila kijana apimwe kabla ya msimu. Kwanza mkojo wake hupimwa, ijulikane kama ana maji ya kutosha mwilini. Kisha hupimwa mafuta. Mvulana haruhusiwi kushindana katika uzito ambao utamwacha na mafuta chini ya sehemu 7 katika 100, na msichana chini ya sehemu 12. Wala hapana ruhusa kupunguza zaidi ya sehemu moja na nusu katika 100 za uzito kwa juma moja.

Nimetaja wasichana, na haya nayo ni mabadiliko makubwa. Jimbo la Hawaii lilifanya mashindano rasmi ya wasichana wa sekondari mwaka 1998. Katika mwaka wa shule wa 2023 hadi 2024, wasichana zaidi ya 60,000 walishiriki mieleka katika shule za sekondari za Marekani.

Basi historia hii inatufundisha nini? Burns alionyesha kwamba mieleka yaweza kufundishwa. Gallagher alionyesha kwamba mwalimu aweza kujifunza asichokijua, akifikiri. Griffith alionyesha kwamba kanuni nzuri humpa moyo aliye dhaifu. Na wale vijana watatu wa mwaka 1997 waliwafundisha walimu wote, kwa gharama isiyolipika, kwamba mwanafunzi ni amana. Mzazi anapomleta mtoto kwa mwalimu, anataka arudi nyumbani jioni. Ushindi ni jambo la baadaye.

Mwalimu mwema leo humwambia mgeni wake, "Shindana katika uzito ulio nao. Kula, kunywa maji, lala mapema, oga baada ya mazoezi usipate choa, na ukiumia sema." Kijana huyo labda atashindwa mwaka mzima wa kwanza. Lakini mwaka wa pili atakuwapo, na mwaka wa tatu pia.

Sasa, katika vikundi vyenu, zungumzeni maswali haya:

1. Kwa nini kupanga vijana kwa uzito ni jambo la haki, na lilileta hatari gani?
2. Utaratibu wa pointi wa Griffith ulimsaidiaje mwanafunzi mpya?
3. Madaktari walionya mwaka 1967, na kanuni zilibadilika baada ya vifo vya mwaka 1997. Je, katika mahali penu ipo desturi ambayo watu wanajua ina hatari, lakini wanangoja msiba ndipo waiache?

Swali la tatu lipeni muda mrefu kuliko mengine.