Ngaahika Ndeenda: Ni Kitabu au Uwanja Uliopigwa Marufuku?

Wengi wetu tumeijua Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kama kitabu tu. Kuna Kiguunda, kibarua mwenye ekari moja na nusu na hati ya shamba ukutani; kuna Kioi, tajiri mcha Mungu; kuna mkopo wa benki wa kugharamia harusi ya kanisani, na shamba ndilo hilo linakwenda. Tunachambua fani na maudhui, tunataja matabaka, basi, kazi imekwisha. Ati huo ndio uhakiki!

Hebu tuzitazame tarehe. Mchezo ulianza kuonyeshwa Kamiriithu, Limuru, tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Halafu mwaka 1980 maneno yale yale yakachapishwa kwa Kigikuyu na Heinemann, na watu wakayasoma. Sasa jamani, kama sumu ilikuwa katika maneno, mbona kitabu kiliachwa?

Kwa maoni yangu, kilichoogopwa ni uwanja. Kamiriithu ilikuwa kijiji cha Hali ya Hatari, walikosukumiwa watu na Mwingereza miaka ya 1950. Humo vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa viwandani na wasio na kazi walijijengea jukwaa la wazi, la kukaa watu wapatao 2,000. Mwongozaji, Kimani Gecau, alikuwa mhadhiri, lakini mazoezi yalifanywa hadharani na kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wazee waliwasahihisha waandishi: mzee wa rika hili hazungumzi hivyo! Vibarua nao walijadili habari za mishahara kwa kuwa waliijua mifukoni mwao. Hati ya Kiguunda ilipotundikwa pale, waliokuwa wakiitazama walikuwa watu walionyang'anywa ardhi kweli kweli. Mhakiki anayesoma maandishi peke yake atayaonaje hayo?

Mwaka 1982 kikundi hicho kilitaka kuonyesha Maitu Njugira katika ukumbi wa Kenya National Theatre. Kikakuta milango imefungwa. Mwezi Machi polisi wakalibomoa jukwaa la Kamiriithu.

Ilichukua miaka 45 mpaka Ngaahika Ndeenda ikarudi mbele ya hadhira jijini Nairobi, Mei 2022, kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza, katika ukumbi ule ule wa Kenya National Theatre. Lilikuwa jambo la kushangilia, sibishi. Ila hadhira ilikata tiketi, ikaketi gizani, ikapiga makofi, ikaenda zake. Hakuna kibarua aliyesimama kumwambia mwigizaji kwamba mshahara si huo.

Na pale Kamiriithu? Penye jukwaa pakajengwa chuo cha ufundi.