Mega zinaliwa na nani? Historia ya matangazo yanayolemea kurasa za habari

Familia iliyohama kijiji chake na kununua mega 100 inajikuta mbele ya hesabu ndogo. Ukurasa wa habari wenye uzito wa mega 5 utafunguka mara 20 hivi, kisha mega zimekwisha. Ukurasa wa nusu mega utafunguka mara 200. Habari inaweza kuwa ile ile: barabara imefunguliwa ama bado, soko limeanza tena ama hapana, chakula kinagawiwa wapi. Maneno ya habari ya kawaida, bila picha, hayafiki hata sehemu moja ya mia ya mega. Basi mzigo huo mwingine ni wa nani?

Sehemu yake ni picha na video, na hizo kila mtu anaziona. Lakini sehemu nyingine haionekani kirahisi. Ni amri ndogo ndogo za kompyuta, zinazoitwa skripti, pamoja na matangazo ya biashara yanayoletwa na makampuni ambayo si wenye ukurasa. Msomaji hakuyaita, mara nyingi hata mwandishi wa habari hayajui majina yake, lakini yote yanasafiri kwa mega za msomaji. Hali hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ilijengwa na watu, hatua kwa hatua, kwa muda wa miaka thelathini hivi.

Mwanzoni kurasa za intaneti zilikuwa nyepesi sana. Tim Berners-Lee alizibuni alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Genève, kati ya mwaka 1989 na 1991. Lengo lilikuwa wanasayansi wasomeane maandishi yao. Ukurasa ulikuwa maneno na viungo vya kwenda kurasa nyingine, basi. Mwaka 1993 ikatokea Mosaic, programu ya kufungulia kurasa iliyoweza kuonyesha picha katikati ya maneno. Picha hiyo haikulazimika kukaa kwenye seva ya mwenye ukurasa. Ukurasa ungeweza kuamuru simu au kompyuta ya msomaji: nenda kwa seva ya fulani, uchukue picha, uiweke hapa. Ilionekana kuwa jambo dogo, lakini ndio mlango ambao wageni wote wa baadaye walipitia.

Tarehe 27 Oktoba 1994, HotWired, tovuti ya jarida la Wired la Marekani, ilianza kuweka matangazo ya kulipiwa, yenye umbo la ubao mwembamba. Lililokumbukwa zaidi ni lile la kampuni ya simu AT&T. Mwaka huohuo Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kuki, alama ndogo ambayo tovuti inaiacha ndani ya kompyuta ya msomaji ili imtambue akirudi. Mwaka 1995, mwenzake Brendan Eich alitengeneza lugha ya JavaScript, na toleo la kwanza alilimaliza kwa siku kumi tu. Tangu hapo ukurasa haukuwa tena karatasi ya kusoma peke yake; ulikuwa pia programu inayofanya kazi ndani ya mashine ya msomaji.

Vitu hivyo vitatu, yaani picha kutoka seva ya nje, kuki na skripti, vilipokutana, biashara mpya ikazaliwa. Makampuni kama DoubleClick yalianza kusambaza matangazo kwa maelfu ya tovuti kutoka sehemu moja. Mwenye tovuti hakuhitaji tena kutafuta wateja wa matangazo mwenyewe. Alibandika mistari michache ya skripti, na kampuni ikafanya mengine. Mwaka 2007 Google ilitangaza kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, na biashara hiyo ikakamilika mwaka 2008. Bei hiyo inaonyesha mistari ile michache ilikuwa na thamani gani.

Baadaye wageni waliongezeka. Mwaka 2005 Google ilianza kutoa bure chombo cha kuhesabu wasomaji. Mwaka 2010 Facebook iliruhusu kitufe chake cha kupenda kiwekwe kwenye tovuti za nje, na tovuti nyingi za habari zikakibandika. Kila kitu kilikuja na skripti yake. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kizito sana peke yake, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Kisha ukaja mnada. Kwa mtindo huu, nafasi ya tangazo inauzwa wakati uleule msomaji anafungua ukurasa. Taarifa kumhusu, kama mahali alipo na aina ya simu yake, zinatumwa kwa wanunuzi wengi. Kila mmoja anataja bei, na anayeshinda analeta tangazo lake. Mnada wenyewe unatakiwa kumalizika katika kama sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini mara nyingi skripti moja inaita nyingine, nayo inaita ya tatu, mpaka mwenye tovuti mwenyewe hajui ni nani wote walioingia nyumbani kwake.

Tofauti na redio iko hapa. Tangazo la sabuni likipita redioni, wasikilizaji wote wanalisikia sawasawa, na redio haijui nani anasikiliza. Tangazo linaiba dakika moja, kisha habari zinaendelea. Kwenye ukurasa wa intaneti, tangazo linamtafuta msomaji mmoja mmoja, na gharama ya kumtafuta inatoka mfukoni mwake.

Ni kwa nini jambo hili linauma zaidi Goma, Bukavu ama Bunia kuliko Paris? Jibu ni umbali na aina ya njia. Kabla ya kuchukua kitu kwenye seva mpya, simu inapaswa kwanza kuuliza anwani yake, kisha kubisha hodi, kisha kukubaliana naye jinsi ya kufunga mazungumzo kwa siri, halafu ndipo iombe kile inachotaka. Ni safari tatu au nne za kwenda na kurudi kwa kila mgeni mpya. Kwa miaka mingi ofisi na redio nyingi za mashariki mwa Kongo zilitegemea sahani za setilaiti. Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita karibu 36,000 juu, kwa hiyo swali na jibu huchukua karibu nusu sekunde, hata kama mitambo ni mizuri. Mgeni mmoja tu anaweza kula sekunde mbili kabla hajaleta kitu. Nyaya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2009, na ile ya WACS ilipofunguliwa Muanda mwaka 2013, mambo yalipata nafuu. Lakini seva za matangazo nyingi ziko mbali, na rezo dhaifu inarefusha kila safari.

Kuna pia mzigo wa simu yenyewe. Skripti ya aina fulani inaposomwa, simu husimama kuonyesha ukurasa mpaka imalize kuitekeleza. Simu ya bei kubwa inafanya hivyo haraka. Simu ndogo inapata joto, inakwama na kumaliza betri. Kwa mtu anayelipa kila anapochajisha simu, hiyo ni gharama ya pili juu ya mega.

Ushahidi wa uzito huu upo. Mwezi wa Oktoba 2015, gazeti la The New York Times lilipima kwenye simu kurasa za mwanzo za tovuti 50 za habari. Zaidi ya nusu ya data yote ilikuwa ya matangazo na vitu vingine ambavyo programu za kuzuia matangazo huviondoa. Kwenye tovuti ya Boston.com, matangazo yalichukua zaidi ya sekunde 30 kufika. Habari zenyewe zilichukua 8 hivi.

Ushahidi wa pili ulikuja bila mtu kuupanga. Tarehe 25 Mei 2018, Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria mpya ya kulinda taarifa za watu. Gazeti la Marekani USA Today, badala ya kuomba ruhusa ya kuwafuatilia wasomaji wa Ulaya, liliwapa ukurasa usio na skripti za ufuatiliaji wala matangazo. Mtengenezaji mmoja wa tovuti alilinganisha: ukurasa wa kawaida ulikuwa mega 5.2 na kuchukua sekunde 45. Ule wa Ulaya ulikuwa nusu mega na kuchukua sekunde 3. Mafaili ya skripti yalishuka kutoka 124 hadi sifuri. Gazeti lilikuwa lile lile, na habari zile zile.

Mwezi wa Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokaribia Florida na watu wengi kukimbia makwao, vituo vya NPR na CNN viliwaelekeza wasomaji kwenye kurasa zao za maneno matupu. Vilijua kwamba mtu aliye njiani, mwenye rezo mbovu na betri kidogo, anahitaji kujua maji yamefika wapi, si zaidi. Hitaji hilo halina tofauti na la familia inayolala shuleni ama kanisani Kivu.

Ni haki kusema upande wa pili pia. Matangazo yanalipa mishahara ya wanahabari, na redio ndogo isiyo na mfadhili haiwezi kuyafukuza yote. Lakini kuna tangazo na tangazo. Picha moja ya duka la mtaani, iliyopunguzwa uzito na kuwekwa kwenye seva ya redio yenyewe, haihitaji mnada wala skripti za wageni. Ndivyo magazeti yalivyouza nafasi miaka yote. Hata Google iliona kwamba mambo yamepita kiasi: mwaka 2020 programu yake ya Chrome ilianza kuondoa matangazo yanayokula zaidi ya mega 4.

Msomaji naye ana njia zake. Programu kama Opera Mini hupitisha ukurasa kwanza kwenye seva zake na kuubana kabla ya kuutuma. Programu nyingi zina sehemu ya kuzima picha ama skripti. Baadhi ya kurasa zitagoma kufunguka, lakini zile za maneno zitafika. Na anayemiliki ukurasa wa habari anaweza kuufungua mwenyewe kwa simu ndogo, kwa mega za kununua, jioni wakati rezo imejaa. Akichoka kusubiri, ajue msomaji wake alishachoka zamani.