Mficha Maradhi

Wazee walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hutumiwa aghalabu juu ya mtu mmoja alalaye kitandani na kuukana ugonjwa wake. Lakini historia yaonyesha kuwa yafaa kwa madola vile vile. Mataifa yalianza kupelelezana habari za maradhi kwa hofu ya kifo, na upelelezi huo ukazuiwa mara kwa mara na hofu nyingine, nayo ni hofu ya hasara.

Mwaka 1851 madola 12 yalikutana Paris. Kila dola lilipeleka tabibu mmoja na mjumbe mmoja wa siasa. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha toka Bara Hindi na kuivamia Ulaya, na bandari nyingi zilikuwa zikizuia vyombo kwa karantini. Matabibu walibishana juu ya asili ya maradhi. Wajumbe wa siasa walipima gharama ya marikabu zilizokaa bandarini pasipo kushusha shehena. Mkutano ulidumu karibu miezi 6 bila ya kuleta mapatano yenye nguvu. Mwaka 1865 kipindupindu kilizuka Makka wakati wa Haji, kikafuatana na mahujaji hata Misri na bandari za Bahari ya Mediterania. Mwaka 1866 wajumbe walikutana tena, safari hii Istanbul, wakakubali kwamba maradhi yale huchukuliwa na watu katika safari zao.

Ukweli huo ulipata ushahidi wa ajabu katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, kikaua watu kwa maelfu. Ilikuwa rahisi kudhani kuwa kimekuja kwa njia ya bahari, kwani majahazi ya kaskazi yalitoka Arabuni na Bara Hindi kila mwaka, na macho ya mji yalizoea kutazama huko. Tabibu mmoja wa Kiskoti aliyekaa Unguja, James Christie, hakutosheka na dhana. Aliuliza watu wa misafara, wale waliokwenda bara kutafuta pembe na kurudi na habari za nchi za mbali. Kwa maneno ya watu hao ilidhihirika kwamba maradhi yalikuwa katika nchi ya Wamasai kabla ya kuonekana pwani, yakashuka Pangani, na kutoka Pangani yakavuka maji hata Unguja.

Katika kitabu chake kilichopigwa chapa London mwaka 1876, Christie aliunganisha njia nzima: kutoka Makka, kupitia Bahari ya Shamu na Uhabeshi, hata nchi za bara, na mwisho pwani. Adui hakuja kwa mlango wa mbele uliotazamiwa. Alizunguka nyuma ya nyumba. Msomaji akumbuke kwamba hayo yaliandikwa kabla Robert Koch hajatangaza kijidudu cha kipindupindu, jambo lililofanyika mwaka 1884. Elimu ya Christie juu ya njia ile ilitoka katika vinywa vya wasafiri. Habari ilikuwa ikitembea pamoja na maradhi, na kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuipokea mapema na kuwapasha wengine.

Wajibu huo ulianza kupewa ofisi katika karne ya 20. Mwaka 1907 mataifa yalikubaliana kuweka Paris ofisi ya afya ya watu wote. Mwaka 1925 Shirikisho la Mataifa lilifungua ofisi Singapore, ikapokea kwa simu ya maandishi habari za maradhi katika bandari za Mashariki, na kuzitangaza kila juma. Shirika la Afya Duniani lilizaliwa mwaka 1948, na mwaka 1951 likapitisha kanuni zilizowapasa wanachama kutoa habari za maradhi 6, kipindupindu na tauni yakiwamo.

Hata hivyo kanuni zilitegemea ulimi wa serikali, na serikali iliyokiri ugonjwa iliogopa kufungiwa soko. Mwaka 1970 kipindupindu kilipoingia Guinea, serikali yake haikukitangaza; shirika lilikitangaza lenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2002 homa kali ya mapafu, iliyokuja kuitwa SARS, ilizuka Guangdong nchini China. Uvumi ulienea, lakini taarifa rasmi haikulifikia shirika mpaka Februari 2003. Ndipo kanuni mpya zikapitishwa mwaka 2005, zikaanza kutumika mwaka 2007. Serikali ikipima tukio na kuliona kuwa huenda likawa hatari kwa mataifa, yapasa kulitoa katika muda wa saa 24. Tena shirika limeruhusiwa kusikiliza habari zisizotoka serikalini na kuitaka serikali izithibitishe. Hivyo neno la msafiri, ambalo Christie alilithamini, lilipata nafasi katika sheria ya dunia baada ya miaka zaidi ya 100.

Lakini sheria haikumaliza hofu. Mnamo Novemba 2021 wataalamu wa Afrika ya Kusini waligundua sura mpya ya kirusi cha korona, iliyopewa jina la Omicron, na nchi hiyo ikaitangaza bila ya kukawia. Katika siku chache nchi nyingi zilizuia safari za ndege kutoka huko na kwa majirani zake, ingawa kirusi kilikuwa kimekwisha vuka mipaka. Aliyesema kweli alipata malipo yale yale ambayo waficha maradhi wa zamani waliyaogopa.

Methali humkemea mficha maradhi, na yastahili. Lakini jirani amfungiaye mlango yule aliyeyafichua hana haki ya kujitoa katika lawama, kwa maana huwafundisha wengine kunyamaza. Na maradhi yatakayofuata yatamkuta amelala.