Mama, kwa nini tunaogopa kutolewa damu?

(Muziki unaanza, unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo naongea na wewe mama mwenye mimba. Umeambiwa kesho kliniki utatolewa damu, na usingizi umekataa. Hofu hiyo ina historia yake.

Turudi miaka ya 1990, hapa Uganda. Mama wa Buwenge, kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli, angepimwa ili iweje? Ugonjwa watu waliuita slimu. Dawa za kumkinga mtoto zilikuwa ghali mno. Jibu baya lilileta machozi, pengine na kufukuzwa nyumbani. Wengi waliona heri wasijue, na mimi siwalaumu. TASO, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, na lenye vituo Jinja na Mbale, liliwapa wagonjwa mahali pa kusema bila aibu.

Kisha likaja jambo kubwa. Mwaka 1997, hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti walianza kujaribu dawa ya nevirapine. Mama alipewa tembe moja akiwa na uchungu, mtoto akapewa matone ndani ya siku 3. Mwaka 1999 majibu yalitoka: maambukizi yalipungua karibu nusu kuliko kwa dawa nyingine waliyolinganisha nayo. Tangu hapo kipimo kikawa mlango wa dawa. Mwaka 2012 Uganda iliamua kila mama mjamzito mwenye virusi aanze dawa na aendelee nayo maisha yote.

Sikia hesabu. Bila dawa, akina mama 100 wenye virusi wanaweza kuambukiza watoto 15 hadi 45. Dawa zikinywewa vizuri, hawafiki 5.

Najua unaogopa mume atasema, "Wewe ndiye umeleta." Mama, aliyepimwa kwanza si lazima awe aliyeambukizwa kwanza. Baba unayesikiliza, nenda naye mpimwe wote.

Wengine mnaogopa kukosa safari ya ng'ambo. Marekani iliondoa katazo kwa wenye virusi Januari 2010.

Damu hiyo hupimwa pia kaswende, ambayo inatibika. Kesho muulize nesi: Mnapima nini? Nani ataona majibu yangu? Ni haki yako kuuliza kabla hujanyoosha mkono.



(Muziki unapanda.)