Yule Kijana wa Kompyuta wa Nungwi: Kazi Yake Ipo, Jina Lake Halipo

Shuka pwani ya Nungwi asubuhi, kabla watalii hawajaamka vizuri, utakuta mafundi wa vyombo wameshaanza. Tezo inagonga mbao, keekee inatoboa, mataruma yamesimama kama mbavu za samaki mkubwa. Mchoro hakuna. Vipimo vyote vimo kichwani mwa fundi mkuu, ukimuuliza anakuonesha kwa mkono tu. Chombo kikiisha watu wanaitwa kukisukuma majini, na ubavuni linaandikwa jina analolitaka tajiri. La fundi halimo.

Sasa pita nyuma ya kaunta za mahoteli ya hapo hapo Nungwi. Kuna kazi ya fundi mwingine, na huyu hata wa kumpiga picha hayupo. Ni yule jamaa wa begi jeusi aliyekuwa akipanda daladala ya 116 mjini, karibu kilomita 60, kwenda kufufua programu ya vyumba iliyogoma siku hoteli imejaa. Hakuajiriwa na mtu. Kwenye kadi yake kaandika "mshauri wa mifumo", lakini Nungwi alikuwa "yule kijana wa kompyuta", na kaitwa hivyo hivyo mpaka ndevu zikaingia mvi.

Kazi yake imezaliwa kwenye nchi iliyowahi kuikataa kompyuta. Si utani, wadau. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ukaenda kombo, fedha nyingi zikateketea, na mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Kwa wakati ule marufuku ilikuwa na mantiki yake, maana fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu. Lakini gharama yake waliilipa vijana waliokuja baadaye. Mlango ulifunguka kidogo kidogo miaka ya 80, ukaachia kabisa miaka ya 90, na ile .tz ya kwenye anuani za intaneti ikapatikana mwaka 1995. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha mafundi wa programu wa kujitegemea hakikuwa na mzee wa kumuuliza. Jahazi lina mafundi baba kwa babu. Wao walikuwa na kitabu cha kurudufu na usiku mrefu.

Ukaja mwaka 2009, na huu lazima usimuliwe taratibu. Mwezi Julai mkonga wa SEACOM ukawashwa, umefika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Wote waliokuwa wakilipia intaneti ya setilaiti kwa bei ya kukata maini wakapumua. Sasa ndiyo mambo! Desemba 10 umeme wa Unguja ukakatika. Waya wa chini ya bahari kutoka bara uliharibika, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mwaka mmoja nyuma, 2008, kilishakaa gizani karibu mwezi mzima.

Ebu jiweke kwenye viatu vyake. Intaneti ya kasi imefika mlangoni, soketi haina umeme. Hoteli zinanguruma jenereta, moto unapanda na kushuka, na kompyuta iliyozimika ghafla katikati ya kuandika inaweza kuamka na kumbukumbu zilizovurugika. Ndani ya hiyo diski ndimo zilimo bukingi za wageni, madeni ya mboga na samaki, na mishahara ya wahudumu. Ikifa, mhudumu wa jikoni halipwi mwisho wa mwezi kwa sababu hakuna anayejua alifanya zamu ngapi. Aliyekuwa na tabia ya kunakili kila kitu pembeni kila jioni, jambo ambalo matajiri wengi waliliona ushamba, ndiye aliyeokoa jahazi. Hakuna aliyempigia makofi. Kilichookolewa hakionekani.

Na malipo je? Hapo ndipo palipo na kidonda. Fundi wa chombo, kila mtu anaona mbao ngapi zimeongezeka leo. Wa programu anakaa siku tatu anatazama kioo, siku ya nne anabonyeza mara mbili, kitu kinafanya kazi. "Kumbe ni hivyo tu?" Bei inakatwa nusu papo hapo. Nyumbani nako mama anauliza lini ataajiriwa, maana rafiki zake wa skuli wako maofisini na michango yao inaingia ZSSF tangu mfuko ulipoanzishwa 1998. Yeye kila Januari anaanza sifuri.

Halafu tovuti kubwa za nje za kuuza vyumba zikaja, programu za kulipia kwa mwezi zikaja, na hoteli moja moja zikaachana na zile alizoziandika yeye. Machi 2020 korona ikasimamisha ndege za watalii, simu yake ikanyamaza kabisa. Agosti 2022 ukatangazwa mpango wa Silicon Zanzibar wa kuyavutia makampuni ya teknolojia, macho yakielekezwa Fumba. Vijana wa huko wana mikataba na viyoyozi. Riziki yao, wala hawana kosa. Ila hawajui nani alianza.

Pwani ya Nungwi mwanafunzi anashika ncha ya ubao, miaka inapita, naye anakuwa fundi. Kijana wa kompyuta alifanya kazi peke yake, usiku, kwenye mashine moja, na hakuna aliyeshika ncha ya pili. Zipo hoteli ndogo ambazo mpaka leo hesabu zake zinapita kwenye programu yake. Siku ikigoma, meneja mpya anatafuta namba iliyoandikwa kwa kalamu pembeni ya kompyuta, bila jina, "fundi" tu, na anapiga kuuliza neno la siri.