Dohani Kubwa na Dohani Ndogo za Lubumbashi

Aliyezaliwa Lubumbashi hakufundishwa kuuchukia moshi. Mji huu wa Katanga, kusini mwa Kongo, ambao kwa zaidi ya nusu karne uliitwa Elisabethville, haukuanzishwa kwa ajili ya bandari wala soko wala kaburi la walii, bali kwa ajili ya tanuri: kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli ikawasili kutoka upande wa Rhodesia mwaka 1910, na mwaka uliofuata, kando ya mto Lubumbashi, shaba ya kwanza ikamiminwa katika kiwanda kilichochoma makaa yaliyoletwa kutoka Wankie, ng'ambo ya Zambezi. Tangu siku hizo dohani ya kiwanda, pamoja na kilima cheusi cha makapi ya shaba kilichokua ubavuni mwake, ndiyo imekuwa sura ya mji. Na wachoraji wa mitaani walipotaka kuonyesha Elisabethville ya zamani walichora dohani hiyo ikifuka na wafanyakazi wakimiminika langoni, na mtazamaji hakuhitaji kuambiwa ni mji gani.

Moshi ulikuwa dalili ya mshahara na posho. Maadamu dohani ilifuka, baba alikwenda kazini na watoto walikwenda skuli ya kampuni, iwe kampuni hiyo inaitwa Union Minière au, baada ya serikali kuitwaa mwaka 1967, kwa jina lililokuja kuwa Gécamines. Mgodi wake wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, na fujo za uporaji zikafuata mwaka 1991, na hatimaye tanuri za Lubumbashi zikazimwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, watu walitazama juu wakaona mbingu safi, wakahuzunika. Sidhani kwamba iko miji mingi duniani ambamo hewa safi ilipokelewa kama msiba.

Walakini moshi huo haukuwafikia wote sawasawa. Katika kiangazi pepo za huku aghalabu huvuma kutoka kusini-mashariki, na kiwanda kilijengwa magharibi ya mji wa Wazungu. Basi, iwe ni kwa hesabu ya wahandisi au kwa bahati yao njema, gesi ya kiberiti na vumbi la shaba, risasi, zinki na kadmi vilipeperushwa kwenda kaskazini-magharibi, mbali na varanda za wakubwa, vikaangukia nyika ya miombo na mitaa iliyosogea huko baadaye, kama Penga Penga, ambako wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta udongo uliojaa madini hata miti haioti, isipokuwa nyasi chache zilizozoea sumu. Kambi ya wafanyakazi nayo ilikaa jirani na dohani yenyewe. Nayataja haya kabla sijalitaja gari hata moja, kwa sababu kila chombo cha kutoa moshi kilichoingia mjini humu baadaye kimetazamwa kwa jicho lililokwisha kuzoea dohani ile, na kwa jicho kama hilo wingu dogo nyuma ya basi si kitu.

Zama za ukoloni magari yalikuwa ya mabwana; mfanyakazi alikwenda kwa miguu, na aliyejaliwa akanunua baiskeli. Baada ya uhuru ilikuja sheria iliyogusa moshi wa gari, nayo ilikuja ikiwa na adabu zote za kimataifa: Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilijiunga mwaka 1977 na Mkataba wa Vienna juu ya usafiri wa barabarani, ambao unataka mitambo ya gari isitoe kupita kiasi gesi zenye madhara, moshi mzito, harufu wala kelele, maadamu jambo hilo laweza kuepukika, na tarehe 30 Agosti 1978 ikatolewa sheria mpya ya barabara, ambayo ndani yake mna ukaguzi wa magari. Maneno ni mazuri. Lakini maneno kama "kupita kiasi" pasipo tarakimu humwachia mkaguzi jicho lake, na jicho la mtu, hasa la mtu ambaye mshahara wake umechelewa, hupatana bei.

Kisha mkondo wa magari uligeuka. Gécamines ilipodhoofika, na wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 wakapewa mkono wa kwaheri mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi waliopata chochote walikitia katika gari la abiria au la mizigo. Na gari jipya lilikuwa ndoto, hivyo likaja lililotumika, aghalabu kutoka Japani, kwa njia ya Dar es Salaam, Tunduma na Zambia hata mpaka wa Kasumbalesa, usukani wake ukiwa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, hata abiria wa basi dogo akashuka katikati ya barabara badala ya kandoni. Katika Japani gari dogo la mtu hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3 tangu liwe jipya, kisha kila miaka 2, na kadiri linavyozeeka ndivyo gharama ya kulipitisha inavyomchosha mwenyewe, mpaka aone heri aliuze. Umoja wa Mataifa, katika taarifa ya mwaka 2020, ulihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika ambayo Ulaya, Japani na Marekani ziliyauza nje baina ya mwaka 2015 na 2018, na 40 katika kila 100 yalikuja Afrika. Na wakaguzi wa Uholanzi, walipoyachungulia yaliyokuwa yakingoja meli, walikuta mengi hayana hati halali ya ukaguzi, na mengine yamekwisha kung'olewa chombo cha kusafishia moshi, kwa kuwa ndani yake mna platini na paladi. Kwa maneno mengine, gari lililoshindwa mtihani kwao limehamishiwa darasa jingine.

Likifika Lubumbashi linakuta hali ambayo aliyeliunda pwani hakuifikiria sana: mji umeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya zamani ya kabureta iliyopimiwa pwani hupata mafuta mengi kuliko hewa ya kuyaunguza. Fundi mwema hulisoma gari kwa rangi. Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa, basi hutazama kwanza kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi jekundu la Katanga, kisha nozeli; moshi wa samawati ni oili inayopenya kwenye ringi zilizolika, na hapo dawa ni kufungua injini, si kubadili oili tu; moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto mara nyingi ni maji ya rejeta yaliyopata njia ya kuingia mahali pasipo pake. Iko pia hila ya kale, inayojulikana kila penye ukaguzi duniani, ya kupunguza mafuta kwenye pampu ya dizeli asubuhi ya ukaguzi na kurudisha skrubu mahali pake jioni, cheti kikiwa mfukoni. Simlaumu sana afanyaye hivyo, kwa sababu gari ndilo linalolisha nyumba yake. Lakini atakayeuvuta moshi ule ni mtoto wake aliyekaa kiti cha nyuma.

Na katika njia ile ile ya Kasumbalesa, malori yanatoka yakiwa yamebeba shaba na kobalti ya Katanga, na kilima cheusi cha Lubumbashi chenyewe, yaani mabaki ya moshi wa babu zetu, kimekuwa kikiyeyushwa upya tangu mwanzoni mwa karne hii ili kobalti yake itolewe. Sehemu ya kobalti ya Kongo huingia katika betri za magari yasiyokuwa na bomba la moshi, yanayotembea katika miji ambayo imetuuzia magari yaliyokataliwa.

Serikali ya mkoa na iweke kiwango cha moshi kwa tarakimu, ikibandike hadharani mpakani na penye ukaguzi, na mashine ndiyo itoe hukumu. Nawe msomaji uendaye kununua gari, nenda alfajiri injini ikiwa bado baridi, uliwashe mwenyewe, usimame nyuma yake, na uangalie chini kama chombo cha kusafishia moshi kipo, kabla hujatoa fedha.